Muundo wa asidi za mafuta katika sehemu za mwani wa kahawia

Mwani wa kahawia hauna mafuta mengi. Ukishakauka, mara nyingi hutoa gramu 1 hadi 5 tu katika kila gramu 100. Wanakemia huyachambua hata hivyo, kwa kuwa wanachotafuta ni yameundwa na nini. Muundo wa asidi za mafuta ndio huo: ni asidi gani zimo, na kila moja ni asilimia ngapi ya asidi zote.

Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Ikiwa haina kifungo maradufu, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili, huitwa iliyoshiba, kama asidi palmitiki ya kaboni 16, ambayo ni nyingi karibu katika kila mwani wa kahawia. Zenye vifungo hivyo hazijashiba. Miongoni mwake ni asidi arakidoniki ya omega-6 na EPA (asidi eikosapentaenoiki) ya omega-3, zote za kaboni 20. Namba ya omega huonyesha kifungo maradufu cha kwanza kiko kwenye kaboni ya ngapi, ukihesabu kutoka mkiani mwa mnyororo.

Sasa, mwani mmoja una viungo vingi. Laminaria, mojawapo ya jamii za mwani wa kahawia, ina sehemu inayong'ang'ania mwamba, kikonyo na ubapa mpana. Sargassum, jamii nyingine, ina vifuko vya hewa. Ncha za Fucus, jamii ya tatu, huvimba wakati wa kuzaa. Ubapa ndio unaopokea mwanga, na seli zake zimejaa kloroplasti, yaani vijisehemu vinavyotengeneza chakula kwa mwanga huo. Tando za kloroplasti zina asidi nyingi za omega-3, hasa za kaboni 18 zenye vifungo maradufu 3 au 4, hivyo ubapa kwa kawaida huzidi kikonyo kwa omega-3. Sehemu za uzazi hujiwekea akiba, na mara nyingi ndizo zenye mafuta mengi zaidi.

Hata ndani ya ubapa mmoja kuna tofauti. Laminaria hukua kuanzia pale ubapa unapoungana na kikonyo, kwa hiyo ncha ndiyo kuukuu. Baridi nayo huongeza asidi zisizoshiba, kwani tando za seli zinahitaji kubaki laini. Takwimu isiyotaja sehemu iliyokatwa wala msimu mimi huisoma kwa mashaka.

Mtego mkubwa ni asilimia yenyewe. Tuseme mwani mkavu una mafuta gramu 3 kwa kila 100, na EPA ni asilimia 10 ya asidi zake. Kumi inasikika nyingi, kumbe EPA yote haifiki hata gramu 0.3, kwa kuwa asidi ni sehemu tu ya mafuta hayo.