Machungwa mawili na beseni la maji

Juzi mzazi mmoja wa huku Umoja, Nairobi, alinitumia picha kwenye WhatsApp: sanduku la vifaa vya mbao vya kuchezea, maumbo yamepangwa kwa rangi, bei inakaribia kodi ya nyumba. "Mwalimu, hii itamsaidia kijana kufikiri?" Kijana mwenyewe ana miaka 5, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, na ripoti yake ya muhula ilisema uwazaji kina wake, yaani uwezo wa kupima mambo kwa hoja, unahitaji kuimarishwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Kenya mwaka wa 2019, unautaja uwazaji kina na utatuzi wa matatizo kati ya mambo saba ya msingi ambayo mtoto hujengewa tangu PP1. Wazazi wakiliona neno hilo kwenye ripoti, hofu inawashika.

Kazi yangu ni kuwanoa walimu wa chekechea. Ninachokiona darasani mara nyingi si uhaba wa vifaa, ni namna tunavyouliza. Na niliyejifunza kwa aibu ni mimi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, mtoto akipata nilisema, "Mpigieni makofi." Akikosa, niliuliza, "Una hakika?" Wiki mbili hazikuisha, darasa zima lilikuwa limeshanisoma. Siku moja msichana mdogo akahesabu vifuniko vya soda, akasema vinane. Vilikuwa vinane kweli. Mimi, mawazo yakiwa kwingine, nikamuuliza kama ana hakika. Akaniangalia usoni. "Saba?" Nikanyamaza. "Tisa?" Vifuniko viko mbele yake, lakini yeye alikuwa anahesabu uso wangu.

Miaka baadaye nilielewa kwamba hili lilikwisha kuwashughulisha wataalamu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba ukimimina maji kutoka kikombe kipana hadi glasi nyembamba, mtoto wa miaka 4 au 5 kwa kawaida atasema yameongezeka. Lakini mtoto huyo alikuwa anaulizwa swali lilelile mara mbili, na mtu mzima yuleyule aliyeyamimina. Katikati ya miaka ya 1970, watafiti McGarrigle na Donaldson kule Uskoti walijaribu jambo linalofanana na hilo kwa safu mbili za vitu vya kuhesabia, zenye idadi sawa. Safari hii aliyevuruga safu alikuwa dubu mwanasesere mtundu, kana kwamba ni ajali. Watoto wengi zaidi wakasema idadi haijabadilika. Mkubwa akibadilisha kitu kwa makusudi kisha akarudia swali, huenda mtoto akadhani anatakiwa kubadilisha jibu.

Ndiyo maana siku hizi nawaambia walimu waulize "Umejuaje?", tena waulize hata pale jibu ni sahihi, la sivyo litageuka kuwa "una hakika" kwa jina lingine. Halafu wanyamaze. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, aligundua kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na watoto wa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 zinaonekana kidogo hadi usimame mbele ya watoto hamsini. Hapo ni ndefu kama foleni ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni.

Vitendawili tunavyo, ila tunaviharibu kwa kuvikaririsha. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Kitabu kinasema yai, basi imeisha. Katika darasa moja mtoto alijibu, "Tikiti maji." Mwalimu alikuwa ameshafungua mdomo kumrekebisha, nikampungia mkono angoje. Mwenzake akapinga: nyumba lazima iwe na mtu ndani. "Kuna mbegu." Mwingine akaleta konokono, akakataliwa mara moja: konokono hutoka, kwa hivyo mlango upo! Hakuna aliyewafundisha kubishana kwa hoja. Waliachiwa nafasi tu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahitaji machungwa mawili na beseni la maji. Menya moja, jingine liache na ganda. Kabla ya kutumbukiza, kila mtoto aseme litakaloelea na kwa nini, maana akishaona matokeo kila mtu atadai alijua. Wengi husema lenye ganda litazama kwa sababu ni zito. Linaelea. Lililomenywa linakwenda chini.

Hapo mwalimu huwashwa na ulimi aeleze kwamba ganda ni kama sifongo lenye vijitundu vya hewa. Asubiri kidogo. Kijana mmoja kule Kayole alitangaza, "Ticha, limevuliwa koti, linasikia baridi, ndiyo maana limezama." Wenzake walicheka. Mwalimu wake, ambaye nilitamani kumkumbatia, hakucheka. Akauliza, "Sasa tufanye nini ili tujue kama ni baridi?" Kimya. Kisha sauti ya nyuma: "Tuliwekee maji moto." Wakachanganya maji kutoka chupa ya chai ya ofisini, yakawa vuguvugu, wakalitumbukiza. Likazama vilevile. Yule kijana aliinama juu ya beseni kwa muda mrefu, kisha akachukua maganda yaliyobaki mezani akayarusha ndani moja moja. Yote yakaelea. "Si baridi," akasema. "Ni koti."

Basi nilimjibu yule mzazi kwamba sanduku si baya, lakini aanze na machungwa. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti: mtoto ameshajaribu ndizi, nyanya na kijiko, na sasa anaizungukia rimoti ya tivii. Nikamwandikia aifiche.