Si Kila "Haleluya" Ni Wimbo wa Injili

Wimbo wa kiroho katika muziki wa roki ni ule ambao mwimbaji anamtafuta Mungu, anamwomba au anamsifu. Basi, maana imeishia hapo. Kinachochosha ni jina hilo kubandikwa kwenye kila wimbo wenye malaika, mbingu na kupiga magoti.

Lugha hiyo roki iliirithi kanisani. Mwaka 1954 mwimbaji Mmarekani Ray Charles alichukua wimbo wa injili uliomhusu Yesu, akamweka mwanamke mahali pake, ukawa wa mapenzi. Uimbaji haukubadilika, na vilio vyake vyote. Aliyebadilika ni anayeimbiwa. Waumini wengine walichukizwa, lakini mbinu ilishika: ukitaka kuonyesha shauku imekuzidi nguvu, mwimbie mpenzi kama unayeabudu.

Chukua "Hallelujah" ya mwimbaji wa Kanada Leonard Cohen ya 1984, inayoimbwa hadi kwenye ibada. Kiitikio ni neno moja la sifa linalorudiwa mara nne, na wengi hukomea hapo. Rudi kwenye beti: kuna mfalme Daudi, kuna mwanamke anayeoga, kisha nywele zinakatwa kama za Samsoni. Wote wawili ni wanaume walioangushwa na tamaa, na sifa inawatoka wakiwa wameshaanguka. Mungu yumo, mwili nao umo. Ukiuita wa injili umefuta nusu ya wimbo.

Linganisha na "My Sweet Lord" ("Bwana Wangu Mpendwa") ya George Harrison wa kundi la Beatles, 1970. Humo hamna mpenzi wa kibinadamu hata mmoja. Mwimbaji anataka kumwona Bwana, na anasikitika kwamba inachukua muda mrefu. Huo ni wa kiroho bila ubishi. Ila waitikiaji wanaanza na Haleluya, wakageukia Hare Krishna, wito wa sala wa Kihindu, kwa hiyo hata huo si wa injili. Kiroho na Kikristo ni vitu viwili.

Kosa ni kusikiliza kiitikio peke yake, kwa sababu ndipo watunzi hupenda kuweka maneno mapana. Anza na ubeti wa pili, uulize huyo "wewe" ni nani. Ana ngozi? Ana kitanda? Ameondoka na mtu mwingine? Basi ni binadamu, hata kama kiitikio kinampandisha mbinguni.

Wimbo wa namna hiyo haujakufuru, wala si wa injili. Uite wimbo wa mapenzi wenye lugha ya ibada. Jina ni refu kidogo, lakini ndilo lake.