"Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba": je, Biblia inasema hivyo?

Msemo huu husikika sana msibani na hospitalini, na wengi huuegemeza kwenye 1 Wakorintho 10:13, pasemapo Mungu "hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo". Lakini fungua sura nzima. Mstari wa 6 hadi wa 10 unataja tamaa, ibada ya sanamu, uasherati na manung'uniko. Wa 14 unaamuru kuikimbia ibada ya sanamu. Paulo anazungumzia vishawishi vya dhambi, si saratani wala kufiwa. Neno letu "jaribu" ndilo linalotuchanganya, maana hubeba kishawishi na taabu kwa pamoja.

Kuhusu taabu, Paulo huyohuyo anakiri katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba kule Asia (jimbo la Kirumi, sehemu ya Uturuki ya leo) walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Faraja anaiweka kwingine: kwa Mungu afufuaye wafu (mst. 9) na katika maombi ya wenzao (mst. 11).

Kumwambia mfiwa "utaweza tu" kunamfanya aone machozi yake kama upungufu wa imani. Afadhali msome naye Zaburi 88, inayoishia gizani bila kukemewa. Au mkae kimya tu. Rafiki za Ayubu walifanya hivyo siku 7, na waliharibu walipoanza kuhubiri.