Presha Kushuka Si Kupona

Karibu kila siku ya kliniki huambiwa: "Daktari, presha ilishuka, nikaacha dawa." Wiki iliyopita aliyesema hivyo ni mama mmoja aliyefungua pindo la kanga na kunionyesha pakiti ya amlodipini, dawa yake ya presha, ya miligramu 5, ambayo alikuwa amemeza vidonge vinne tu, huku mashine ikisoma 178 kwa 104. Mwezi uliotangulia alikuwa na 128 kwa 80, akadhani amepona, ilhali namba ile ilikuwa kazi ya dawa.

Amlodipini hulegeza mishipa ya damu ili ipanuke. Haiondoi kilichosababisha presha. Tena huchukua siku kadhaa kuisha mwilini, na hapo ndipo wengi hudanganyika: mgonjwa huacha leo, hupima keshokutwa na kuona namba nzuri, huamini kwamba ameamua vyema, kisha presha hupanda kimyakimya bila hata kuumwa kichwa, na wapo ambao dalili yao ya kwanza huwa kiharusi.

Sidharau mazoezi wala chakula, maana mimi mwenyewe huvihimiza kila siku. Mwenye 142 kwa 90, asiye na kisukari wala ugonjwa wa moyo au figo, anaweza kuanza kwa kupunguza chumvi na uzito na kutembea haraka nusu saa kwa siku, tukamfuatilia miezi michache kabla ya kumpa dawa. Mwenye 178 anayahitaji hayo yote pamoja na vidonge. Wapo niliowapunguzia dozi, hata kuwaachisha, lakini niliamua kwa vipimo vya wiki nyingi, si kwa sababu mgonjwa alijisikia vizuri.

Kwamba dawa za presha huharibu figo, si kweli kwa mgonjwa anayefuatiliwa. Kinachozichakaza ni presha iliyoachwa juu miaka mingi. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, ila hakichukui nafasi ya kidonge. Na anayejisifu kwamba haongezi chumvi mezani ahesabu pia ng'onda, mkate na vidonge vya supu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku nzima, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai.

Ninachowasihi wagonjwa wangu ni daftari. Keti dakika tano, egemeza mgongo, weka mkono usawa wa moyo, pima mara mbili, andika, kisha uje nalo. Miguu ikivimba kwa sababu ya dawa, njoo mapema nikubadilishie, wala usiiache kimya kimya.