"Hamna mtu" ikigeuka "mna mtu": dhana potofu kuhusu redio za zimamoto

Moto ukizuka Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, watu huona gari jekundu, mipira ya maji na askari wenye mitungi ya hewa mgongoni. Mmoja hawamwoni: aliyekaa chumba cha mawasiliano, yaani kontroo, simu sikio hili, redio sikio lile. Yeye ndiye macho ya walio kwenye moshi na mlinzi wa saa yao. Mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu kazi hiyo si kweli, na baadhi yanagharimu maisha.

Dhana: Maswali mengi ya 114, namba ya dharura ya zimamoto, yanachelewesha gari

Gari hutolewa na majibu mawili: wapi, na nini kinaungua. Mawili hayo yakipatikana kikosi kinapanda gari, na maswali yanayofuata ni kwa ajili ya walio njiani. Kwa hiyo usikate simu.

"Mwanga" peke yake haitoshi, maana kuna kata ya Mwanga Kaskazini na kata ya Mwanga Kusini. "Karibu na msikiti" haimsaidii dereva anayeingia Ujiji. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina kibao cha namba na mitaa ina majina. Soma kibao cha nyumba inayoungua, au cha jirani, kisha ndipo utaje mwembe ulio karibu.

Na kama kinachoungua ni mawese, sema mawese. Maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka huzama chini yake, huchemka papo hapo na kuwa mvuke wenye ujazo wa takriban mara 1,700 ya maji yenyewe. Mvuke huo hurusha mafuta yenye moto juu ya kila aliye karibu. Kikosi kilichoambiwa mapema huandaa povu kikiwa bado barabarani. Boti yenye petroli pale Kibirizi ni vivyo hivyo.

Dhana: Redio ni simu isiyohitaji vocha

Kwenye simu wawili wanaweza kusema pamoja na bado wakasikilizana. Redio ya kawaida ya zimamoto hupitisha sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe cha kusemea, huwezi kusikia. Wawili wakibonyeza pamoja, mara nyingi mwenye mawimbi yenye nguvu ndiye anayesikika. Wa pili anamezwa, naye hana habari kwamba hakusikika.

Ndiyo sababu ujumbe hurudiwa. "Kontroo, Gari Moja." "Gari Moja, endelea." "Tunahitaji TANESCO wakate umeme, nyumba namba kumi na nne." "Nimepata: TANESCO wakate umeme, namba kumi na nne." Kuitikia "nimekupata, afande" pekee hakuthibitishi chochote, kwa kuwa huenda aliyesikiliza amepata namba kumi na nane.

Kuna hatari nyingine ambayo Kiswahili chetu kinaizidisha, na inastahili kufundishwa siku ya kwanza ya mafunzo. Redio huhitaji muda mfupi baada ya kubonyezwa kabla haijaanza kurusha. Mawasiliano yakipitia ripita, ule mtambo wa kilimani unaopokea mawimbi na kuyarusha upya, muda unaongezeka. Anayebonyeza na kusema papo hapo hukatwa silabi ya kwanza. Kiswahili kimeweka ukanushi hapohapo mwanzoni. "Hamna mtu ndani" ikikatwa inabaki "mna mtu ndani", na askari wanarudi motoni kumtafuta asiyekuwepo. "Haina umeme" inakuwa "ina umeme". Ya kutisha zaidi ni "hajatoka": ikipoteza "ha", katikati ya kelele za pampu inasikika kama "katoka", na mtu aliyebaki chumbani anafutwa kwenye orodha.

Bonyeza, hesabu sekunde moja, ndipo useme. Anza na jina la unayemwita, ili kikikatwa kitu, likatwe jina hilo. Na kwa jambo la uhai chagua maneno yasiyoning'inia kwenye silabi moja: "nyumba ni tupu", "bado yumo ndani", "marufuku kuingia".

Dhana: Kukiwa na kelele, paza sauti

Sauti ya kupiga kelele huzidi uwezo wa kinasa sauti na hufika imepasuka. Shika redio kama sentimita 5 kutoka mdomoni, kwa upande kidogo, na useme kwa sauti ya kawaida. Ukiwa na barakoa ya mtungi, isogeze kwenye kiwambo cha sauti cha barakoa. Ukiielekeza kwenye kioo, neno halipiti.

Dhana: Redio nzuri inafika popote

Mawimbi ya VHF, ambayo redio hizi huyatumia, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mji wa Kigoma umelala kwenye vilima vinavyoteremkia Ziwa Tanganyika. Redio ya mkononi ina nguvu ya wati 5 hivi, ile ya kwenye gari hufika 25 au zaidi na antena yake iko juu ya paa. Askari aliye ufukweni nyuma ya kilima anaweza kuwa hasikiki kabisa huku dereva wake, hatua 50 juu, akisikika vizuri. Basi dereva anakuwa mpokezi na kupeleka maneno mbele. Ndani ya jengo ni bora kutumia chaneli ya moja kwa moja, kwa sababu wawili walio mita 30 hawana haja ya kuzungukia ripita ya kilimani. Na betri iliyochoka hudanganya: redio inapokea vizuri, lakini hufa ukibonyeza, kwani kurusha ndiko kunakokula umeme mwingi.

Dhana: Redio ikiwa kimya, mambo ni shwari

Hapa ndipo anayekaa mezani anapookoa watu. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi shinikizo la baa 300 una takriban lita 2,000 za hewa. Anayefanya kazi nzito kwa kutumia lita 50 kwa dakika ana dakika 40 kwenye karatasi, na chini ya hapo ukitoa akiba ya kutokea. Akiongeza kasi ya kupumua kwa hofu, hesabu inavunjika. Aliye ndani ya moshi hupoteza hisia ya muda. Kontroo, mwenye saa ukutani, humwambia kamanda wa tukio kila baada ya dakika 10: "Dakika kumi, dakika ishirini." Kamanda naye anahesabu watu wake kwa majina. Asiyejibu mara mbili anatafutwa, hasubiriwi.

Maji pia yana saa yake. Tangi la lita 5,000 likilisha mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, huisha kwa dakika sita na kidogo. KUWASA, mamlaka ya maji ya Kigoma, na gari la pili la maji huitwa wakati tangi bado limejaa.

Dhana: Mpokea simu hana haja ya kujua yanayotokea eneo la moto

Usiku wa Juni 14, 2017, jengo la Grenfell Tower jijini London liliungua na watu 72 wakafa. Wapokea simu waliwaambia wakazi wabaki ndani, kama mwongozo ulivyotaka, wakati moto ulikuwa umeshapanda ukuta wa nje. Chumba cha mawasiliano kilibadili ushauri saa 8:35 usiku, na uongozi eneo la moto ukabadili saa 8:47, kila upande kivyake. Uchunguzi wa umma ulikosoa vikali jinsi pande hizo zilivyopeana taarifa.

Dhana: Moto ukizimika, kazi ya redio imekwisha

Gari linalorudi kituoni na tangi tupu bado si gari la kutumwa. Kikosi hutaja maji yaliyobaki, mitungi iliyotumika na idadi ya watu waliopanda garini, na kontroo haliandiki gari hilo kuwa tayari mpaka lijazwe.