Viti vya O2 London: chagua kabla foleni haijaanza

Ukumbi wa O2 unachukua watu takriban 20,000, na ramani yake hubadilika kidogo kila tamasha, kwa hiyo ifungue siku moja kabla ya mauzo. Kuna sakafuni, kuna ngazi ya chini yenye vitalu 101 hadi 112, na ya juu, 401 hadi 422. Jukwaa kwa kawaida hukaa upande wa 101 na 112.

Wengi hukimbilia sakafuni. Mimi sishauri, labda upate safu za mbele kabisa. Sakafu ni tambarare: ukiwa safu ya ishirini na ushee na watu wamesimama, utatazama migongo na skrini. Vitalu 102, 103, 110 na 111 vimepanda kwa ngazi, hivyo kichwa cha aliye mbele kinabaki chini ya macho yako. 101 na 112 ni karibu zaidi, ila spika zinazoning'inia zinaweza kukukata nusu ya jukwaa; soma kama tiketi imeandikwa kuna kizuizi. Ngazi ya juu ni mwinuko mkali. Mwenye kizunguzungu asijaribu.

Kwenye Ticketmaster, mtandao wa kuuza tiketi, chumba cha kusubiri cha mtandaoni hufunguliwa kabla ya saa ya mauzo, na saa ikifika waliomo hupewa nafasi kwa bahati nasibu. Kuwahi saa nzima hakukuongezei kitu. Kuchelewa hata dakika moja kunakupeleka mkiani. Usipakie ukurasa upya.

Ukishaingia, usifukuzie nukta za viti moja moja kwenye ramani. Unayoiona imeshabonywa na wengine kumi. Chuja kwa bei, chukua kinachofaa cha kwanza. Mko wanne? Wawili wawili hupatikana upesi zaidi. Tiketi iliyoandikwa Platinum ichunguze: mwaka 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilieleza wasiwasi kwamba baadhi ya hizo za bendi ya Oasis ziliuzwa karibu mara 2.5 ya bei ya kawaida, bila wanunuzi kuelezwa vya kutosha kwamba hazina cha ziada.

Kikapu hushika viti kwa dakika chache tu, na hapo ndipo wengi hupoteza: benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini iliyoachwa nyumbani. Anayelipa kwa kadi ya Dar au Nairobi aulize mapema kikomo cha manunuzi ya mtandaoni.

Umekosa? Jukwaa likishapimwa, viti vilivyozuiliwa kwa ajili ya kamera na meza ya sauti huachiliwa, mara nyingi siku chache kabla ya tamasha, na vingine ni vizuri kuliko vilivyouzwa siku ya kwanza.