Uzalishaji wa mkataba: kampuni ya simu isiyo na kiwanda cha simu

Anayepeleka makopa mashineni Masasi hurudi na unga wake. Mwenye mashine hakulima muhogo, na unga si mali yake. Amelipwa ujira wa kusaga, basi. Uzalishaji wa mkataba ndio huo huo, ila badala ya debe la makopa kuna kontena la vipuri, na mashine iko ng'ambo. Korosho ghafi zinazopakiwa bandari ya Mtwara kwenda Vietnam na India si mfano wake: zile zimeshauzwa mnadani, zimekuwa mali ya aliyenunua.

Apple hubuni simu zake California, lakini kuziunganisha huwaachia wengine, hasa Foxconn ya Taiwan, yenye viwanda vikubwa Shenzhen na Zhengzhou nchini China. Samsung imefuata njia nyingine. Viwanda vyake vya simu vya Bac Ninh na Thai Nguyen, Vietnam, ni vyake mwenyewe, na cha mwisho cha simu ilichokuwa nacho China ilikifunga mwaka 2019. Zote mbili zimetoka nje ya kwao, ila moja inasagisha, nyingine imenunua mashine.

Kampuni ikitangaza kiwanda katika nchi mpya, swali la kuuliza ni moja: bodi, yaani kibao cha ndani kinachobeba chipu za simu, inafika ikiwa katika hali gani? Mara nyingi inafika imeshachomelewa chipu zote. Hapo kazi iliyobaki ni kufunga skrubu, kugundisha kioo, kuweka betri, kupakia programu, kuandika IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kupima na kutia kwenye boksi. Si kazi ya kubeza, lakini kuiita "kutengeneza simu" ni kutia chumvi.

Kuchomelea bodi yenyewe ndiko kwenye ugumu. Uji wa bati, yaani madini laini ya kuchomelea, hupakwa kupitia bamba jembamba lenye vitundu, mashine hupachika vipuri ambavyo vingine ni vidogo kama chembe ya mchanga, kisha bodi hupita kwenye tanuri linalofikia nyuzi 240 hadi 250 za Selsiasi. Uji huo hutunzwa kwenye friji. Ukikauka, viungo havishiki. Chipu nazo huja kwenye mifuko iliyofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Mfuko ukifunguliwa na kuachwa kupita saa zilizowekwa, chipu hunyonya unyevu, na ndani ya tanuri unyevu huo hugeuka mvuke na kuipasua. Kwa hewa ya pwani kama ya Lindi, chumba kisichodhibitiwa unyevu kingeharibu mali nyingi. Kosa lenyewe halionekani kwa macho, simu inakuja kuzima mikononi mwa mteja.

Umbali nao una gharama zake. Zikifika bodi 10,000, vioo 10,000 na betri 9,600, simu zitakazotoka ni 9,600. Vioo na bodi 400 vinakaa ghalani vikila fedha. Na betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kwa ndege hupanda ndege za mizigo tu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, kwa hiyo kuziba pengo la 400 si suala la kupiga simu na kuzipata kesho. Mkataba mzuri husema mapema hasara hiyo ni ya nani, pamoja na ya simu zinazokataa kuwaka zikipimwa.

Sasa ule ujumbe wa WhatsApp unaodai tarakimu ya 7 na ya 8 za IMEI zinataja nchi, eti 00 ni bora kabisa na 13 ni Azerbaijan. Si kweli. Piga *#06# utaona tarakimu 15: nane za kwanza zinatambulisha aina ya simu, sita ni za simu hiyo moja, ya mwisho ni ya kuhakiki. Aina moja inaweza kuunganishwa nchi mbili. Ya kwako iliunganishwa wapi, soma kwenye boksi au maandishi madogo ya nyuma.